Mtoto anaposema "thaa thita": kithembe, lafudhi na lahaja

Wiki chache zilizopita dada yangu alirusha sauti kwenye kundi letu la WhatsApp la familia. Mwanawe wa miaka sita alikuwa anakariri ubeti waliofundishwa shuleni: "Thithi thote ni rafiki, thaa thita tunarara." Jioni haijafika, kundi limeshajaa. Mjomba wetu wa Tanga alicheka, akasema mtoto ana kithembe kama babu yake. Shangazi akaagiza apelekwe akakatwe kimeo, tena mapema kabla hajaanza darasa la kwanza. Binamu mmoja akasema hiyo ni lafudhi ya Kikurya tu, kwa kuwa mtoto kalelewa Tarime na bibi yake mzaa baba. Mwingine akasema ni utoto huo, ataacha. Dada, ambaye aliirusha sauti ile kwa furaha, akaifuta.

Mimi nilikuwa nimeshaihifadhi, na nimeisikiliza mara nyingi tangu siku hiyo. "Thithi" na "tunarara" zimetoka katika kinywa kimoja, lakini hazina chanzo kimoja na hazihitaji jibu moja. Kimeo hakihusiki na lolote kati ya hayo mawili. Naandika kwa sababu nimegundua kwamba mabishano ya kundi letu ndiyo mabishano ya nyumba nyingi, na anayeumia katikati ni mtoto.

Tuanze na maneno yenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapopoteana. Kithembe, ambacho wengine hukiita kitembe, ni hali ya mtu kushindwa kuitamka s sawasawa ikamtoka kama th, na z ikamtoka kama dh. Lafudhi ni namna mtu anavyoitamka lugha, ile ladha ya sauti inayokuonyesha katoka wapi. Kila mtu anayo, hata anayejiona hana. Lahaja ni kubwa zaidi ya hapo. Ni Kiswahili cha mahali fulani, chenye maneno, sarufi na matamshi yake, kama Kimvita cha Mombasa, Kiamu cha Lamu au Kimakunduchi cha kusini mwa Unguja. Kigugumizi ni jambo jingine kabisa: mtu anaiweza sauti, ila neno linakwama au linajirudia kabla ya kutoka. Nimekitaja kwa kuwa huchanganywa na kithembe kila siku, na sitakirudia.

Ili kukielewa kithembe, tumia mdomo wako mwenyewe. Tamka "sss" ndefu, kama tairi la baiskeli lililopata pancha, halafu sikilizia ulimi uko wapi. Pembe zake mbili zimegusa magego ya juu, kulia na kushoto. Katikati umejikunja kidogo ukafanya mfereji mwembamba. Ncha iko karibu na ufizi wa nyuma ya meno ya mbele bila kuugusa. Wengine huiegemeza chini, nyuma ya meno ya chini, na s yao hutoka vizuri vilevile. Hewa inapita kwenye ule mfereji kwa kasi na kuyagonga meno. Ni kama mpira wa kumwagilia bustani: ukiuacha mdomo wake wazi maji yanadondoka tu, lakini ukiubana kwa kidole gumba na kuacha upenyo mdogo, maji yanaruka mbali na kupiga kelele. Sasa, bila kukata pumzi, sogeza ncha ya ulimi mbele mpaka ichungulie kati ya meno. Ule mlio mkali umefifia na kuwa "th". Umetoka kwenye samani ukaingia kwenye thamani, na safari yenyewe haifiki sentimita moja.

Hicho ndicho kithembe ambacho watu wengi wanakijua. Kuna cha aina nyingine ambacho hakina jina lake la pekee, nami nitakiita kithembe cha pembeni. Hapo hewa haipiti katikati ya ulimi, inatokea ubavuni, karibu na mashavu, na s inasikika ya majimaji kama ya mtu mwenye mate mengi mdomoni. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Kithembe cha mbele ni hatua ambayo watoto wengi hupita na kuiacha nyuma. Kile cha pembeni si hatua ya kawaida ya mtoto anayejifunza kusema, na ni nadra kukoma bila mtu kufundishwa.

Sauti za lugha haziji zote siku moja. P, b, m na t hutangulia, na ndiyo maana maneno ya kwanza ya nyumba zetu ni mama, baba, tata, bibi. S, z, r, th na dh huchelewa kwa sababu zinahitaji ulimi unaojua kusimama mahali padogo sana bila kuteleza. Mtoto wa miaka mitatu anayeomba "tukali" kwenye chai au kumwita mwenzake "lafiki" hana ugonjwa, yuko njiani. Halafu, anapofika kama miaka sita, meno ya mbele ya utotoni yanaanza kung'oka, na ule ukuta ambao hewa ya s huugonga unabomoka kwa miezi kadhaa. Ulimi nao hupenda kuchungulia kwenye pengo. Mpwa wangu ana pengo la meno mawili ya juu. Picha yake akiwa ameshika jino mkononi ilitumwa kwenye kundi lilelile, tukaipigia makofi wote. Hakuna aliyeiunganisha na ile sauti.

Sasa niingie mahali ambapo Kiswahili kina mambo yake ya pekee. Zipo lugha nyingi zisizo na th kabisa, na humo mwenye kithembe anasikika tu kama mtu anayesema s kwa namna ya ajabu. Sisi tunazo zote, s na th, z na dh, na kila moja inabeba maana yake. Seremala anauza samani, dalali anakadiria thamani. Zana iko mkononi mwa fundi, dhana iko kichwani mwa mwalimu. Mtu akisema amepata "kadhi" mjini, unaweza kusimama kidogo ukajiuliza kama ameajiriwa au amepelekwa mbele ya hakimu wa Kiislamu. Hata hivyo jozi za namna hii ni chache, na mazungumzo yenyewe husaidia. Hakuna aliyewahi kupotea njia kwa sababu mtoto alisema saa "thita". Kithembe kinaharibu uelewano kidogo sana kuliko tunavyodai tunapocheka.

Kinachomwelemea mwenye kithembe ni kwamba sarufi yetu yenyewe imejaa s na z. Mtoto akitaka kukataa jambo lolote juu ya nafsi yake, lazima apitie hapo: sitaki, sijui, sikuja, sili. Akitaja vitu vingi, zinamsubiri z za nyumba zetu nzuri na nguo zao zote. Akitaka kusema kazi imeshakwisha, ziko hapo pia, maana s na sh ni jirani, na aliyejikwaa kwenye moja mara nyingi hujikwaa kwenye ya pili. Mtu mzima mwenye haya hukwepa neno gumu na kutafuta jepesi, lakini kwa Kiswahili utakwepa vipi "si"? Ndiyo maana baadhi ya watoto wenye kithembe huitwa wakimya au wakaidi, kumbe wameamua kutikisa kichwa kuliko kusema "thitaki" mbele ya darasa. Neno mojawapo linalomtoka mtoto huyo bila taabu ni jina la tatizo lake. Mwenye s kama hiyo hulitamka neno "kithembe" barabara.

Tuligeuze jambo hili upande wa pili. Th, dh, gh na kh ziliingia Kiswahili pamoja na maneno ya Kiarabu: thawabu, dhahabu, ghali, kheri. Mamilioni ya wasemaji wa bara, ambao lugha zao za kwanza hazina sauti hizo, huzirudisha kwenye sauti wanazozijua. Dhambi inakuwa zambi, fedha inakuwa feza, tafadhali inakuwa tafazali, lugha inakuwa luga, thelathini inakuwa selasini. Kwa kipimo cha ulimi, hilo ni lilelile la mwenye kithembe, ila limeelekea kinyume: yeye anaipeleka s kwenye th, hawa wanaipeleka th kwenye s. Yeye tunamwita mwenye kasoro. Hawa tunawaita wabunge, wachungaji, watangazaji na walimu, na hakuna anayewashauri waende wakakatwe chochote. Mimi mwenyewe nilikua nikisema zahabu mpaka sekondari.

Wapo pia wanaojua kwamba wanakosea, wakaogopa, wakaruka mpaka upande wa pili. Unasoma mtu ameandika "dhamani" akimaanisha zamani, au "ridhiki" akimaanisha riziki. Maandishi ya Kiswahili yanafuata matamshi kwa karibu mno, kwa hiyo kinachoanzia ulimini kinaishia kwenye daftari. "Harafu" imeenea mitandaoni kiasi kwamba kuna vijana wanaodhani "halafu" ndiyo makosa.

Hiyo "harafu" inatupeleka kwenye neno la pili la mpwa wangu, "tunarara". Hapa meno hayahusiki. Kikurya hakina l. Mtoto aliyejifunza kusema mapajani mwa bibi anayezungumza Kikurya anakuta sauti moja mahali ambapo Kiswahili kina mbili, naye anaitumia hiyo moja bila kujua kwamba kuna anachokosa. Kikuyu nacho hakina l, na ndiyo maana baadhi ya wasemaji wake wa Nairobi na Nyeri huzichanganya l na r, mara kwa kuweka r mahali pa l, mara kwa kujirekebisha kupita kiasi. Wasukuma wengi huelekea upande wa pili, habari ikawa habali. Dholuo haina sh, na Mjaluo anayelima "samba" analima shamba lilelile unalolijua wewe. Vijana wa Kenya wana neno lao la jambo hili, kushrub, na video za walioshrub husambaa haraka kuliko habari yenyewe waliyokuwa wanaisema.

Watu hudhani ulimi wa Mkurya ni mzito. Ulimi hauna tatizo lolote. Jambo liko kwenye sikio. Mtoto mchanga wa miezi michache anaweza kutofautisha sauti za lugha ambazo hajawahi hata kusikia zikizungumzwa nyumbani kwao. Kufikia mwaka mmoja, sikio limeshakuwa chekecheke: linabakiza tofauti zenye kazi katika lugha ya nyumbani na kuziacha nyingine zidondoke. Mwenye lugha isiyotenganisha l na r haisikii tofauti hiyo kwa wepesi, na asichokisikia hawezi kukilenga. Kumwambia "sema lala, siyo rara" mara ishirini kwa ukali ni sawa na kumwonyesha mtu rangi mbili gizani.

Mlinganishe na mgeni kutoka Uingereza anayejifunza Kiswahili. Akifika kwenye "ng'ombe" anakwama, anasema "nigombe" au "gombe", kwa sababu lugha yake haianzi neno kwa sauti hiyo. Tunamcheka kwa upendo, tunampongeza kwa kujaribu. Mkurya akisema "kurara" tunamcheka kwa namna nyingine. Jambo ni lilelile la sikio lililozoea kwao, lakini hukumu zinatofautiana kwa heshima tunayompa msemaji, na hilo linanikera.

Sisemi kwamba r na l hazina umuhimu. Zina umuhimu kuliko kithembe, kwa sababu hapa maneno yanayogongana ni mengi na ni ya kila siku. Mgombea anayesimama jukwaani kuomba "kula" anaweza kusikika kama mwenye njaa. Mahali si mahari, na ukiuliza "mahari ni wapi" kwenye kikao cha posa utawashtua wazee. Kalamu na karamu, hali na hari, bara na bala. Mwalimu anayefundisha watoto wenye lugha ya kwanza isiyo na l ana kazi halali ya kufanya, na kazi hiyo inaanza kwa kusikiliza: picha ya mtu anakula na picha ya sanduku la kura, mwalimu anataja moja, mtoto ananyoosha kidole. Sikio likishazoea, ulimi unafuata. Fimbo haifundishi sikio.

Ukienda mbali zaidi kwenye suala la matamshi "sahihi" unakutana na lahaja, na hapo wengi tunaojiona wasafi tunapaswa kutulia. Mzee wa Mombasa anayesema mtele, ndia na kitwa hajashindwa kutamka mchele, njia na kichwa. Anasema Kimvita, ambacho kina washairi wake tangu zamani, kabla Kiswahili sanifu hakijakuwapo. Usanifu wenyewe ni uamuzi wa watu: mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kusimamia kazi hiyo katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Wangeichagua Kimvita, leo mtoto wa Dar es Salaam angekuwa anarekebishwa akisema "njia".

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi wa bara hawajui hata kuwa ipo. Kwa wasemaji wengi wa pwani, paa la nyumba na paa wa porini hayatamkwi sawasawa. Jina la mnyama lina pumzi inayotoka na p, na baadhi ya waandishi huliandika p'aa. Kaa la moto na kaa wa baharini ni vivyo hivyo. Tahajia sanifu haiionyeshi pumzi hiyo, shule haziifundishi, na sisi wa bara hatuitamki wala kuisikia. Kwa sikio la bibi wa Lamu, Kiswahili changu kina pengo, na pengo hilo ni ukoo mmoja na lile la Mkurya kwenye l. Hakuna anayeniambia nina ulimi mzito.

Kuhukumu mtu kwa sauti moja ni jambo la kale. Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, Wagileadi walivishika vivuko vya Yordani na kumtaka kila anayevuka aseme "Shibolethi". Waefraimu walisema "Sibolethi", kwa kuwa ndivyo ilivyotamkwa kwao, na maandiko yanasema walianguka watu 42,000. Wale watu hawakuwa wagonjwa. Walikuwa na lafudhi ya kwao, na neno lenyewe, kwa moja ya maana zake, ni suke la nafaka.

Nirudi kwa shangazi na kimeo chake, kwa sababu hapa pana hatari ya kweli. Kimeo, au kilimi, ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya koo. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watoto hukatwa kimeo kwa sababu ya kikohozi kisichokoma, kutapika au kutonenepa, na wengine hukatwa kwa ajili ya matamshi. Umeshaona s inakotengenezwa: mbele, kwenye ncha ya ulimi na meno. Kimeo kiko mwisho wa chumba, hakishiriki. Kukikata hakuwezi kubadilisha s hata kidogo. Kunachoweza kuleta ni kutokwa damu nyingi, maambukizi kwenye koo, pepopunda, na magonjwa yanayosafiri kwenye wembe mmoja uliopita kwa watoto kadhaa. Shangazi yangu ni mtu mwema, alisema alichokisikia kwa mama yake. Lakini kwa hili sitamwachia.

Wengine hukimbilia ule ukano wa chini ya ulimi. Ni kweli kwamba watoto wachache huzaliwa na ukano mfupi unaoufunga ulimi, na daktari anaweza kuukata, hasa mtoto anaposhindwa kunyonya. Kwa kithembe peke yake, mara nyingi si ukano wenye kosa, maana s haihitaji ulimi utoke nje wala upande juu sana. Kipimo chepesi: kama mtoto anaweza kulamba ice cream na kugusa mdomo wa juu kwa ncha ya ulimi, mwambie fundi wa wembe akae mbali.

Yapo mengine niliyoyasikia tangu utotoni: kwamba mama alimcheka mwenye kithembe akiwa mjamzito, au kwamba mtoto alikula ulimi wa kuku. Hayana ukweli. Lipo pia hili linalosemwa kwa sauti ya chini, kwamba asiyetamka vizuri hana akili nzuri. Basi msikilizeni Wasil ibn Ata, mwanatheolojia wa Basra aliyefariki mwaka 748, ambaye Mutazila, madhehebu ya kale ya Kiislamu, walimhesabu kama mwanzilishi wao. Alikuwa hawezi kuitamka r. Kwa Kiarabu, r iko kila mahali, kuanzia Rahman na Rahim. Alijifunza kuhutubia bila kuitumia hata mara moja, akibadilisha kila neno lenye r kwa jingine lenye maana hiyohiyo papo hapo mdomoni: mahali pa "burr", ngano, akasema "qamh". Ipo hotuba yake nzima iliyohifadhiwa isiyo na herufi hiyo. Al-Jahiz, mwandishi wa Basra wa karne ya 9, alimweleza kwa heshima kubwa na kuzichambua sauti ambazo ndimi za watu huzikosa. Miaka zaidi ya elfu moja na mia moja iliyopita, huko watu walikuwa wanalijadili jambo hili kwa utulivu kuliko kundi letu la WhatsApp.

Pwani hupenda kusimulia kwamba Bilal, mwadhini wa Mtume, alikuwa akisema s mahali pa sh kwenye adhana, na kwamba s yake mbele ya Mungu ni sh. Wanazuoni wa hadithi wamesema simulizi hiyo haina asili, na Bilal anajulikana kwa sauti yake nzuri. Naelewa kwa nini watu waliipenda. Musa, kwa upande wake, anasema mwenyewe. Katika Kutoka 4:10 analalamika kuwa ulimi wake ni mzito, na katika Sura ya Taha anaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe. Wazazi wa dini zote mbili wanazo aya hizi nyumbani.

Nani basi ahangaike, na lini? Kipimo ambacho wataalamu hukitumia ni kueleweka kwa mtu wa nje. Mtoto akifika miaka minne, mgeni asiyemzoea anapaswa kuelewa karibu yote anayosema, hata kama s bado ni th. Asipoeleweka, usingoje. Usingoje pia kama sauti inatokea puani, au kama alipokuwa mchanga maziwa yalikuwa yanamtokea puani, kwa sababu inaweza kuwa kaakaa lina ufa ambao mdomo wa nje hauuonyeshi. Mdomo sungura na kaakaa lililopasuka vinarekebishwa kwa upasuaji katika hospitali za Afrika Mashariki, na kadiri mtoto anavyowahi ndivyo matamshi yake yanavyonufaika.

Zaidi ya yote, angalia masikio. S ni sauti nyembamba na ya juu sana, na mtoto mwenye usikivu hafifu huipoteza mapema. Anayetoka usaha masikioni mara kwa mara, anayepandisha sauti ya televisheni, anayekutazama mdomo unapoongea, apimwe kwanza na daktari wa masikio, pua na koo. Nimesikia watoto wakichapwa kwa kutosema kitu ambacho hawajawahi kukisikia.

Na kuna hali moja isiyo na subira hata ya saa moja. Mtu mzima aliyekuwa anasema vizuri, ghafla ulimi ukawa mzito, maneno yakateleza, uso ukaenda upande au mkono ukalegea, huyo hana kithembe wala hajarogwa. Hiyo inaweza kuwa kiharusi. Akimbizwe hospitali.

Kwa kithembe cha kawaida, mtoto akifika miaka saba au minane, meno ya ukubwani yakiwa yameota na s bado haijakaa, msaada upo ingawa wataalamu wa tiba ya usemi bado ni wachache kwetu. Makerere ilianza kufundisha shahada ya fani hii mwaka 2008, na wahitimu wake wanafanya kazi katika nchi zetu kadhaa. Mtu mzima naye anaweza kujifunza. Ni mazoezi kama ya kupiga gitaa, hayana umri, ila yanataka kurudiwa kila siku kwa dakika chache.

Nilimpigia dada. Tulikubaliana masikio yapimwe, yakapimwa, yako sawa. Tulikubaliana bibi wa Tarime asiache kumsemesha Kikurya, kwa sababu hakuna mtoto aliyeharibiwa na lugha ya pili, na kwamba kula na kura ataziweza kwa mchezo wa picha. Kwa s tulisema tungoje meno, huku tukicheza naye kidogo. Mchezo wenyewe ni huu: aume meno taratibu, ulimi ubaki ndani, apige "t, t, t" kama anaita kuku, haraka zaidi na zaidi, halafu ile t ya mwisho aiache itoe hewa mpaka iwe "tsss". T na s ni majirani wa mlango mmoja, na nyingi za s zinazopotea hupatikana kwa kupitia kwa huyo jirani. Hakuna kumsahihisha mbele ya watu, na hakuna kumrekodi.

Juzi alichukua simu ya mama yake akanipigia. Jino moja la juu limeanza kuchomoza. "Mjomba, thikiliza," akasema, kisha akanifanyia pancha ya tairi, ndefu, kali, safi kabisa, mpaka pumzi ikamwishia. Nikampongeza. Akaniuliza kama nitakuja Jumapili, nikasema nitakuja. "Thaa ngapi?"